Nzi wa Uzi

Jumamosi sikati kitambaa cha mtu.
Wateja wa Kadutu wanajua: mlango umefungwa,
Ntakwinja kapanda mlimani na fimbo yake,
na wanacheka,
mwanamke mzima, anavua samaki kwa nzi wa uzi.

Ni kweli. Ninawafunga usiku,
umeme ukikatika, kwa mshumaa,
ndoana nimeibana kwenye cherehani
mahali pa sindano.
Unyoya wa shingo ya jogoo wa Mama Cibalonza
(jogoo yu hai, ananichukia),
uzi wa kahawia uliobaki kwenye suti ya bwana harusi
ambaye hakurudi kulipa,
mate, fundo, fundo.

Baba alimbebea muzungu wa shamba la kwinini
kikapu na mabuti, miaka sita,
hakupewa fimbo aishike hata mara moja.
Alijifunza kwa macho.
Muzungu akaondoka, samaki wake wakabaki.
Truti, baba alisema,
akilivuta neno kama aliyeonja.

Mto wenyewe hauna jina kubwa.
Unatoka kwenye mianzi, juu ya Kabare,
mwembamba, ungeuruka ukikunja kitenge,
na baridi yake inakushika kifundo cha mguu
kama mdai.

Hapo napiga magoti. Samaki huyu huona kivuli
kabla hajaona chakula.
Mkono nyuma, subiri,
kamba ijinyooshe hewani mpaka mwisho wake,
mkono mbele,
na nzi anatua kama nzi,
si kama kitu kilichotupwa.
Kusubiri huko baba alikupima kwa jina langu:
Nta-kwi-nja.
Kwenye "nja" ndipo mkono unarudi.

Leo kamkataa wa kahawia. Kamkataa mweusi.
Amepanda, ametazama, ameshuka,
kama mama wa Ibanda anayepapasa kitambaa
kisha anauliza bei ya kingine.
Saa tano. Ukungu.
Mtoto mchunga ng'ombe kaketi mwambani,
anataka kujua ninauambia nini mto.

Kibwetani amebaki mmoja, wa buluu,
uzi niliouchomoa kwenye pindo
la shati la baba, lile la ulinzi wa shule.
Huyo sikumfunga kwa kuvulia.

Nta-kwi-nja.

Maji yakafumbuka.
Fimbo ikainama, mtetemo ukafika kiwikoni,
ukapita.
Nzi kufia kidondani si haramu, wanasema;
wangu alifia kinywani.
Samaki, urefu wa mkasi wangu mkubwa,
madoa mekundu, kila doa na pete yake,
kazi ambayo mimi na cherehani hatujaifikia.

Nilipoitoa ndoana, uzi ulikuwa umefumuka.
Ncha moja ya buluu ilibaki mdomoni mwake.
Nikamshika majini, kichwa kikitazama mkondo,
mpaka akakumbuka. Akaenda.

"Mama," mtoto akasimama, "umelewa?"

Nikampa maandazi yangu, yote mawili.
Akala bila kuniangalia,
macho yake kwenye maji.