Meza Yangu ya Kulia

Tangu Mfungo Sita nyumba hii inakula sakafuni.
Mezani kwangu pana merikebu ya vita
isiyotimia: mkuku wa mbambakofi,
mataruma arobaini na moja yamesimama
kama samaki aliyeliwa na mtu mwenye adabu.

Famau alichonga meno ya bandia
miaka thelathini na miwili, hospitali ya Lamu.
Walipomwaga kwa saa ya ukutani
alirudi na vyombo vyake ndani ya mkebe wa biskuti:
kekee, vijembe, kioo cha kuchungulia magego.
Sasa anachungulia tumbo la chombo.

"Sentimita moja hapa," aniambia, "ni nusu mita baharini."
Basi punje ya mchele ni shibiri na nusu,
na mimi, nikipanda sitahani,
kimo changu ni pingili ya kidole gumba.

Ramani hana.
Ana picha iliyofifia, ya mchoro wa mgeni
aliyeiona merikebu kwa mbali, ubavu wa kushoto tu.
Wa kulia anaubuni.
Asubuhi atatoboa tundu za mizinga, ishirini na mbili,
jioni aizibe moja, aseme haikuwapo.
Nani kakwambia?
"Ubao."

Mbao zake, nyembamba kama ukucha,
huzichemsha katika sufuria yangu ya maziwa,
huzikunja zingali moto,
huzibana kwa vibanio vyangu vya nguo
(kanga yangu ya darini ikaangukia uani kwa Mwanasha,
na Mwanasha hajairudisha).
Mistari ya kalafati, baina ya ubao na ubao,
ni wanja wangu.

Kisha ikaja zamu ya kamba.
Mikono ambayo haikutikisika juu ya ufizi wa watu
ikaanza kutetema.
"Barke, ndoo."
Mimi hushona kofia za vito; tundu ndogo hazinitishi.
Nikafunga. Henza, demani, ngazi za mlingoti,
fundo juu ya fundo, uzi wa kofia uliopakwa nta,
mia tisa na kitu, hesabu ilinipotea
kwa sababu hapo katikati alinijia Bibi.

Bibi Mwanamkuu alisimuliwa na bibi yake:
merikebu ilitia nanga nje ya mwamba,
ikapiga mizinga tangu alfajiri hata alasiri,
na mkondo ulikuwa na maji haba, haikuweza kusogea,
risasi zote zikazama topeni.
"Waliokufa ni kaa," husema Bibi, akicheka,
"na Esha binti Kupi."
Hapo kicheko kilikatika, kila mara, pale pale.
Alikuwa nani, Bibi?
"Alikwenda kuteka maji."

Nikamuuliza Famau: ndiyo hii?
Akavua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa.
"Picha haina jina."

Tumeijaribu katika kidaka cha kati.
Ubavu wa kushoto ukitazama nje, mizinga inalenga kitanda.
Tukaigeuza.
Merikebu ya vita haina mgongo, ina mbavu mbili,
na pale upande wa kubuni
mizinga ilikuwa imekaa sawa kuliko upande wa picha.
Tukairudisha mezani.

Usiku ule sikulala.
Nilichukua kipande cha mbambakofi kilichosalia,
nikakipima kwa pingili ya gumba,
nikachonga kwa kijembe cha magego:
mwanamke, mtungi kichwani.
Nikamsimamisha ukingoni mwa meza,
mbali kidogo, pale risasi zilipofika.

Asubuhi Famau hakuuliza.
Alivuta rula, akainama, akapima.
"Mtungi ni mkubwa mno," akasema, "kwa kipimo hiki."

Uwache, nikamwambia.

Akauwacha.
Nikatandika mkeka, nikapakua.