Kibao cha Mgagani

Kibao chenyewe ni kifuniko cha ndoo ya rangi,
upana wake kiganja na nusu.
Brashi ni ya wanja, ya binti yangu. Bado hajui.

Alhamisi mashine ya kufyeka inarudi Umoja.
Safari iliyopita ilikwangua bustani ya mtaa hadi udongo,
mnavu, mshubiri, mleleshwa mchanga, vyote takataka,
ikabakisha waridi wa kununuliwa wamesimama
kama wageni waliofika kabla ya mwenye sherehe.

Basi tukaafikiana: kila mmea uandikwe jina.
Mshubiri haukutusumbua. Mnavu tulibishana kidogo.
Kazi ilikuwa huu, wenye majani kama vidole vitano,
ulioota wenyewe penye bomba linalovuja.

Mgagani, nikasema, nikachovya brashi.
"Mgagani ndio nini?" akauliza Kemunto. "Hiyo ni chinsaga."
Chepkorir akacheka: saget, tena na maziwa.
Odera wa kinyozi akasema dek
na akarudi kwa kichwa alichokiacha nusu.
Mutheu akasema mwianzo, polepole,
kama anayetaja mtu aliyehama bila kuaga.
Rangi ikanidondokea kiatuni.

Sisi sote tulifika Nairobi na begi.
Huu haukubebwa na mtu.

Jina moja linaenea.
Ukibana herufi, mawili.
Kemunto akageuza kifuniko:
"Kumbe kina mgongo."

Alhamisi, saa mbili na robo,
kijana wa kaunti, Simiyu, miwani ya plastiki usoni,
akasoma mbele, akainama, akasoma nyuma.
Akazima mashine.
Nikajiandaa kwa maneno, nilikuwa nayo mengi.
"Mmeacha tsisaga," akasema.
Nafasi hakuna. Akaomba msumari,
akaikwaruza juu ya kijiti kinachoshika kibao,
herufi zikisimama wima, moja chini ya nyingine,
ile ya mwisho ikiingia udongoni.

Kisha akawasha tena, akauzunguka
akaacha duara pana kama karai.

Mleleshwa ulikuwa umechipua upya kando ya ua,
majani ya kijivu, kimo cha goti.
Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameuandika.

Harufu yake ilikaa mtaani hadi jioni,
kwenye nguo zilizoanikwa,
kwenye nywele za watoto waliotoka shule,
wakiulizana ni nini kinanukia hivi.