Uwanja si Kiwanja

Karani wa bima aliniuliza: kazi?
Kalamu yake imetua kwenye kisanduku
kisichozidi upana wa kibiriti.
Nikamwambia, andika fundi.
Fundi wa nini?
Nikanyamaza. Foleni nyuma yangu ikakohoa.

Nitamwelezaje Majengo, ule mwaka wa kwanza,
nilivyofika na ramani iliyokunjwa mara nane,
viatu vyeupe na maneno ya chuoni?
Kati ya msikiti mdogo na bomba la maji
palikuwa na uwazi ulioitwa Kwa Punda:
majivu, makumbi ya madafu, miba ya samaki,
na punda wa mkokoteni amejilaza kama mwenye hati.
Nilichora mabenchi sita yatazame barabara.
Yakajengwa. Yakanyooka. Yakapigwa picha.

Juma la pili yalikuwa yamehama.
Usiku yameng'olewa, saruji na yote,
yakapangwa chini ya ukuta wa kina Mwinyihatibu,
yanatazamana.

Nilikasirika, nikataka kumjua mwizi.
Bi Mwanasiti, muuza viazi vya karai,
akageuza viazi vyake kwanza, kimoja kimoja,
ndipo akasema: "Saa nane jua liko wapi, mwanangu?
Na hayo magari tuyatazame, yana lipi la kutwambia?"

Jumamosi ile tulichukua chokaa.
Kila saa mjukuu wake akakizungushia kivuli mstari:
saa mbili cha msikiti, kipana,
saa sita kimebaki uzi,
saa kumi cha ukuta kimejitandika mkeka hadi bombani.
Magharibi ardhi nzima ilikuwa imeandikwa,
nami mwenye shahada nikaanza kusoma.
Kibwana, wa kiti cha magurudumu, akagonga ramani yangu:
"Hii ngazi yako moja, kwangu ni mlima."
Wasichana wa madrasa wakaomba taa.
Wakataja kona, wakataja saa.
Jina hawakulitaja.

Mimi nilikuwa nimeandika benchi.
Wao walisema baraza.
Wazee wa lugha hii walijua tangu hapo
kuwa pa kukaa na pa kushauriana
ni neno moja.

Kisha akaja bwana mwenye bahasha,
akapaita kiwanja.
Futi hamsini kwa sabini, alisema, kiwanja.
Sisi tukasema uwanja.
Kati yetu palikuwa na kiambishi tu,
kiambishi na miezi kumi na mmoja ya afisi ya ardhi,
faili lililopotea, likaonekana, likapotea,
na Bi Mwanasiti kwenye ngazi zao na karai lake,
akiwauzia makarani viazi ili nauli isimle.

Hatukushinda vizuri.
Kona ya mashariki aliipata, akajenga duka la simu.
Ila kivuli cha duka, saa tatu asubuhi,
huangukia upande wetu.
Hatukilipii.

Chaani miche yangu ililiwa na mbuzi, yote arubaini.
Mtongwe bembea ilikatwa ikauzwa chuma chakavu,
na aliyeuza alikuwa kwenye kamati.
Mama yangu hadi leo huwaambia jirani
mwanawe anafagia mitaa ya kaunti.
Simkatalii. Nimefagia sana.

"Fundi wa nini, mama? Wenzako wangoja."
Nikageuka. Viti vya wateja vimepangwa safu dirishani,
juani, vitupu.
Watu wamesimama wamesongamana chini ya feni,
mmoja ana mtoto mgongoni, anahamisha uzito
mguu huu, mguu ule.

Andika utakavyo, nikamwambia.
Nikaburura kiti kimoja hadi penye upepo.
Bawabu akanitazama, kirungu mkononi.
Akatazama kiti.
Akaenda kuleta cha pili.