Septemba, na Şükran Amekalia Rimoti

Mvua ya kwanza inagonga madirisha ya Eskişehir
nami nimefunika cherehani mapema.
Suruali ya mwalimu Tuncay itasubiri zipu yake;
msimu umefunguliwa, na mimi si jiwe.

Chai imeiva. Mabakuli mawili: la mbegu za alizeti, la maganda.
Wifi yangu Şükran ameiatamia rimoti
kama kuku mwenye yai moja.

Jumatatu, "Kasri la Mlozi" limerudi, mwaka wa nne.
Juni tulimwacha Kenan akiporomoka jabalini,
yeye ndani ya gari, gari ndani ya moto,
moto ndani ya bahari.
Nililia. Nikampikia halua ya matanga, wallahi,
nikawagawia majirani ghorofa zote tano.
Leo kaingia mlangoni, ndevu zimechongwa,
shati halina hata mkunjo,
na alichopoteza ni kumbukumbu tu.
Basi nirudishiwe siagi yangu.

Ukistaajabu ya Kenan, utayaona ya Jumanne:
kipindi kipya, daktari bingwa
anapasua mtu huku nywele zimemwagika
karibu ziingie kwenye figo.
Mimi na goti langu tulikaa saa tano hospitali ya serikali
na hatukuona daktari hata mmoja
aliyeegemea ukuta akilia kwa ajili ya mapenzi.

Halafu kule kutazamana!
Anamtazama. Anatazamwa. Fidla inalia kwa niaba yao.
Nilikwenda jikoni, nikaongeza maji kwenye birika,
nikamjibu mama mkwe maswali matatu, nikarudi:
bado wanatazamana,
ila sasa kuna upepo.

Bwana Feridun wa ghorofa ya chini
hupanda kwetu kwa sababu televisheni yake imeharibika,
imeharibika tangu Şükran afiwe na mumewe,
na hatumuulizi.
Aliendesha treni miaka thelathini na moja.
"Ankara," anasema, "ni saa moja na nusu.
Hawa wana saa mbili na nusu
na hawajatoka hata stesheni."

Jumatano ni panga na masharubu.
Sina neno na sultani; nina neno na farasi.
Yule mwenye baka jeupe usoni
mwaka jana alikuwa wa maadui.
Hata yeye kahama kambi, nadhani kwa mshahara.

Alhamisi, msichana fukara.
Fukara, na dirisha lake linatazama Bosforasi!
Ufukara wa namna hiyo nauomba usiku na mchana.
Tena lile koti: Şükran anafuta machozi,
mimi nimesogea hadi pua inagusa kioo.
Tundu la kiwiko limekatwa kwa mkasi.
Maisha hayakati hivyo.
Maisha huanza na uzi mmoja.

Kimoja tu nimekipenda, kwa hiyo kitakufa.
Ndugu wawili wanatengeneza lifti,
wao wenyewe wanaishi ghorofa ya saba, jengo halina lifti.
Hakuna kasri, hakuna bastola. Dakika arobaini, kwisha.
Şükran alicheka hadi ganda likampalia,
Bwana Feridun akampiga mgongoni, taratibu,
akasahau kuuondoa mkono.
Wiki ya pili wakakihamishia Jumamosi, saa sita kasoro usiku,
saa ambayo vipindi hupelekwa kuzikwa bila halua.

Mimi nimeapa. Kesho kutwa sifungui.
Kenan akumbuke asikumbuke, shauri yake,
ingawa yule mwanamke anayejiita mkewe
pete yake iko mkono usio wake,
na mtu mwenye macho angeliona hilo.

Jumapili asubuhi mwalimu Tuncay kabisha hodi.
Nikamwambia ukweli: zipu bado, Kenan yu hai.
"Najua," akasema, akitazama viatu vyake.
"Nilikuwa na pajama wiki nzima.
Ile pete, umeiona?"