Mistari Mitatu

Fomu imenifikia Jumatatu, imekunjwa mara nne,
katika mfuko wa koti la dereva.
Imevuka bahari na mihuri,
inauliza, kwa Kifaransa cha heshima:
mashirika ya afya ya dunia yarekebishwe vipi?
Tafadhali jibu kwa mistari mitatu.

Mimi ni mtunza daftari, kituo cha afya, Majengo, Goma.
Daftari lina safu kumi na moja, jalada limepauka kwa klorini.
Kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza
maana hapa kalamu, kama mishahara, huota miguu.

Nianzie wapi?
Labda kwa Kavugho, mfagiaji,
aliyeona kabla ya darubini.
Alihesabu ndoo: usiku wa kwanza nne, wa pili tisa,
wa tatu akaacha kuhesabu, akaja kunigongea.
«Choo yabo iko sawa maji ya muchele. Piga simu.»
Nikapiga.
Mtu wa kanda akamwandikia wa mkoa,
wa mkoa alikuwa seminani,
na semina ilihusu namna ya kutoa taarifa mapema.

Sampuli tuliifunga kwa barafu ya muuza samaki.
Ndoole akaipakia kwenye chukudu,
akateremka nayo juu ya mawe meusi ya volkano,
mkono mmoja usukani, mmoja juu ya kisanduku
kana kwamba kina homa.
Chukudu ilifika kwa wakati. Nimeandika, safu ya tisa.
Barafu iliyeyuka kwingine,
kwenye ngazi zenye zulia,
ikisubiri sahihi.

Sijui mezani kwao kulisemwa nini.
Nasikia dharura ina vigezo,
haizaliwi mpaka wakubwa waafikiane jina.
Kwetu ilishazaliwa, ikatambaa, ikasimama,
ilishajua njia ya Katoyi.

Siku ya arobaini na moja magari meupe yakaja.
Siwatukani.
Walishuka watu wema, wengine walilia kweli.
Daktari mmoja alilala sakafuni kwetu siku tatu,
alishika mfuko wa dripu kwa meno alipokosa msumari.
Jina lake silijui. Fulana yake ilikuwa na jina la shirika tu.
Lakini kila shirika lilikuja na ndoo zake, na fomu zake,
mgonjwa mmoja akahesabiwa mara tano,
na bibi yake Ndoole hakuhesabiwa hata mara moja,
maana alifia njiani, kati ya safu na safu.
Bomba la njia panda lina nembo saba.
Maji bado tunayashukia ziwani.

Majibu ya maabara yalirudi baada ya matanga.
Yamethibitisha.
«Muhindo, mwanamume, miaka sita.»
Miaka wamepatia.

Basi nashika fomu.
Ningesema livunjwe lote, lakini paa likivuja huchomi nyumba,
na chanjo za watoto ziko humo ndani.
Ningesema tuacheni, tutajitosheleza;
nikahesabu glavu zilizobaki. Tisa.
Ningesema fedha ziteremke mpaka kwenye ufagio,
na anayeona kwanza asiwe wa mwisho kuaminiwa,
lakini hayo ni mistari miwili tayari
na bado sijamtaja mtu.

Dereva anapiga honi. Wanaotaka kutusikiliza wana haraka.
Kavugho anapita na ndoo, ananiuliza barua ni ya nani.
«Ya dunia,» nasema.
«Uiambie inilipe miezi yangu ine.»

Mstari wa kwanza nimeandika namba ya simu ya Kavugho.
Wa pili, saa ambazo simu hiyo huwa na chaji.
Wa tatu kalamu ilikwama, uzi ulikuwa mfupi,
nikaisogeza fomu karibu na mguu wa meza, nikapiga magoti:
Kahindo, si Muhindo. Msichana.