Pembe Nne Kavu

Darlene anafanya hesabu kwenye meza ya jikoni,
Nebraska, Julai, saa nne usiku,
nondo wakijigonga kwenye wavu wa dirisha.
Swali la saba: x mraba jumlisha y mraba
ni sawa na sita x. Badilisha.

Mwalimu alisema: ng'oa x, panda r kosaini theta.
Yaani usimhoji mtu kama karani wa ardhi,
hatua ngapi mashariki, ngapi kaskazini.
Muulize tu: umeelekea wapi,
na uko mbali kiasi gani?

Nje, mkono wa chuma wa baba yake unazunguka,
mita mia nne za bomba juu ya magurudumu,
unatambaa kama akrabu ya saa iliyochoka.
Shamba hili lilikatwa mraba, kwa rula, mjini,
na waliokuwa wakiishi hapa hawakuulizwa.
Maji yalikuja baadaye. Maji hayajui mraba.
Kwao mlinganyo mzima ni huu: r ni mia nne.
Basi. Theta na ipite itakako.

Lakini ua ni mstari: x ni mia nne.
Darlene anaugeuza ukingoni mwa daftari:
r ni mia nne gawanya kwa kosaini theta.
Anaweka digrii arobaini na tano,
anapata mia tano sitini na sita, kasoro kidogo.
Anatoa duara. Zinabaki mia moja sitini na sita.

Namba hii anaijua kwa miguu.
Ndiyo njia ya ndoo,
kutoka tone la mwisho la bomba
hadi mti wa peasi wa bibi Albina, kule pembeni,
alioumwagilia kwa mikono miaka kumi na tisa.
Tangu Machi, ndoo ni za Darlene.

"Baba, kwa nini hakuupanda ndani ya duara?"
Emil Vondra anafuta grisi vidoleni.
"Aliupanda kabla ya duara."

Anarudi kwenye swali la saba.
r mraba ni sita r kosaini theta.
Gawa kwa r, mkono unamwasha kugawa,
ila kwanza uliza kama r ni sifuri,
usije ukakitupa kitovu pamoja na maganda.
Anajaribu digrii tisini. Sifuri.
Kitovu kimo.

Swali la nane ni refu.
Anavaa buti.