Kuchapa Mipaka

Alhamisi ya Kupaa, saa tatu kasorobo,
mvua haijaamua inyeshe au ituache.
Watoto kumi na tisa, mabuti ya mpira thelathini na saba
(moja la Barnaby limemezwa na tope pale getini),
kila mmoja na fimbo ya mwerebi mkononi,
iliyobanduliwa gome, nyeupe kama mwiba wa samaki.

Mimi hushika mkia. Kazi yangu kuhesabu vichwa.
Mbele yuko Kasisi Philippa, kanzu kaichomeka ndani ya suruali,
na ramani ambayo haitazami.

"Parokia ya Nether Cobley," anasema,
"haikuandikwa ukutani, iliandikwa miguuni."
Kabla ya ramani, mtoto ndiye aliyekuwa ramani:
walimshika vifundo, wakamgeuza kichwa chini,
wakamgonga paji kwenye jiwe la mpaka,
ili akizeeka, na ugomvi wa malisho ukizuka,
asimame mbele ya hakimu aseme, ni hapa,
napakumbuka,
kwa sababu paliniuma.

Jiwe la kwanza, nyuma ya kanisa. Piga!
Kunguru wanahama mnara.
La pili limo kijitoni, na Tamsin keshaingia
mpaka magotini, sijamaliza hata kusema "ngoja".
Tunapita kibanda chekundu cha simu kisicho na simu;
siku hizi kina vitabu, na konokono
aliyehamia rafu ya mapishi.
Tunapita uwanja wa kriketi,
ambako watu wazima waliovaa nyeupe husubiri kutwa
jambo litokee; likitokea,
hupiga makofi matatu, wakaenda kunywa chai.
"Nani hushinda?" anauliza Haroun.
"Mara nyingi mvua," anasema Kasisi.

Jiwe la tano halipo.
Walijenga duka kubwa juu yake mwaka aliozaliwa mdogo wangu,
na mpaka sasa unapita
kati ya nafaka za asubuhi na chakula cha paka.
Meneja, Bwana Entwistle, katuwekea
alama ya utepe wa buluu sakafuni, katuwekea na maandazi.
Piga! Vigae vinalia.
Mama mmoja anachapwa kiatu kwa bahati mbaya,
anavuta kitoroli chake, anasema, "Samahani."
Hapa anayekanyagwa ndiye anayeomba radhi, wanangu,
hiyo nayo ni mila. Iandikeni.

Solomiya alikuja Novemba.
Tangu hapo maneno yake ningeweza kuyahesabu pamoja na vichwa.
Alisimama juu ya utepe, fimbo chini.
"Kwetu pia," alisema, "mpaka unapigwa."

Mashine ya malipo ikalia, tii, tii.
Hakuna mtu mzima aliyepata neno.
Barnaby, soksi yake moja ikichuruzika,
akamkatia nusu ya andazi lake,
ile nusu yenye sukari.

Jiwe la mwisho liko kilimani, limeinama,
limevaa kuvumwani upande wa kaskazini.
Siku hizi hatumgongi mtoto; kuna fomu,
kuna sahihi ya mzazi, na paji huguswa tu,
la anayetaka.
Akanyosha mkono yeye.
Mimi nikashika kifundo cha kushoto, Kasisi cha kulia.
Nywele zikafagia nyasi,
paji likatua juu ya jiwe
taratibu, kama muhuri juu ya barua.

"Unaona nini?"
"Mnara unaning'inia.
Kondoo wameng'ang'ania ardhi
wasianguke mbinguni."
"Na jiwe?"
"Baridi."
"Limekuuma?"
"Hapana."

Akanyamaza, damu imemjaa usoni,
nchi nzima imepinduka machoni mwake.
"Basi nigongeni kidogo," akasema,
"nisije nikasahau."

Mvua ikaamua.